Nilikusamehe Kosa Langu

Mwanangu Nyamizi,

Sikuulizi hali, maana dakika tano hazijapita tangu nikusikie getini ukibishana na mama yako kama mvua itakukuta njiani au haitakukuta. Umekwenda Ntalikwa kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimesogeza kando pasi yako ya kusafiria na yale makaratasi ya chuo, nimechukua kalamu kama mtu wa zamani, na tayari nimeshaharibu karatasi mbili.

Habari za koti, za dawa ya kifua, na za ile chupa ya asali ambayo uwanja wa ndege watakunyang'anya, mama yako amezimaliza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi. Kesho jioni treni itakuchukua, kisha ndege, na utaingia maabara huko Japani kuanza shahada ya uzamivu katika kazi ile ile niliyoifanya mimi: kuifundisha mashine itambue mtu anatembea, anakaa au anaanguka, ili wagonjwa na wazee wasaidiwe mapema. Jambo lenyewe linahusu siku Bibi alipoanguka. Huijui siku hiyo kama unavyodhani unaijua. Nitafika huko, ila naomba univumilie nizunguke kidogo, maana mimi nikiikimbilia aibu yangu moja kwa moja huwa naisema nusu.

Kwenye makongamano, watu waliponiuliza nilianzaje kazi hii, nilikuwa na jibu langu la kuvalia tai. Nilisema niliguswa na changamoto za huduma za afya kwa wazee. Uongo mtupu. Nilianza kwa sababu nilishindwa kumdanganya mama yangu.

Wewe ulimjua Bibi akiwa amekwisha acha kazi ya mikono, lakini mimi nilimpata angali anadarizi kofia barazani kwetu, hapa hapa Tabora, nyumba hii hii. Mtoto wa jicho alipoanza kumfunga macho aliacha kudarizi, ila baraza hakuiacha. Alikaa pale akitaja wapita njia. "Huyo mke wa fundi baiskeli, goti la kushoto limemkataa tena." "Huyo simjui, lakini ametoka mbali na kiatu kinambana." Nilikuwa na miaka kumi hivi, na jambo hilo lilininyima raha. Haoni tundu la sindano, anaonaje goti la mtu upande wa pili wa barabara? Nikaanza kumtega. Nilipita nikichechemea. Nilipita kinyumenyume. Siku moja nilivaa viatu vya baba yangu, nikapita taratibu, mikono nyuma, kama mzee anayekwenda kwenye baraza la kata. Bibi hakugeuza hata shingo.

"Vua viatu vya baba yako," alisema. "Utavipinda visigino, halafu akupinde wewe."

Alidai kipaji hicho alikipata kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi, akienda pwani na pembe begani na kurudi na majora ya nguo. Alivyosimulia, watoto waliutazama msafara ukitokea mbali, bado ni vumbi tu, nao walimtambua baba yao kwa bega lililoshuka. Sijui kama ni kweli, hadithi za ukoo wetu hupambwa kidogo. Lakini nilipoanza kusoma mambo ya vifaa vya kupima mwendo, nililifikiria lile bega kuliko kanuni zote za hesabu nilizofundishwa. Mzigo uliotuliwa miaka mingi nyuma bado unaonekana kwenye mwili! Linanishangaza hadi leo, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi hadi kwenye nyusi.

Basi, udadisi nilikuwa nao. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma jinsi nilivyoupoteza.

Nilipokwenda Ulaya kusomea uzamivu, msimamizi wangu, mama mmoja mpole aliyekunywa chai bila sukari, aliniomba niorodheshe miondoko ya kila siku ya watu wa kwetu. Alitaka kujua kwa dhati. Nikakaa nikaandika: kutembea, kukimbia, kusimama, kukaa kwenye kiti, kulala kitandani, kupanda ngazi. Kupanda ngazi, Nyamizi! Nyumba niliyozaliwa unaingia kwa kunyanyua mguu mmoja tu, basi. Sikuandika kukaa mkekani miguu umeikunja upande. Sikuandika kutwanga, kuchutama jikoni, kusujudu, kupiga magoti kumwamkia mkwe. Siyo kwamba nilisahau. Niliyaona ni mambo ya nyumbani, hayana hadhi ya kuwekwa kwenye jedwali la kisayansi. Yule mama alisoma orodha yangu, akaniangalia, akasema, "Kumbe mnaishi kama sisi." Nikajisikia fahari. Ningeweza kurudi siku ile ningejizaba kibao.

Kisha tukahitaji watu wa kuanguka. Huwezi kuifundisha mashine kutambua anguko bila kuionyesha maanguko mengi, na huwezi kumsukuma mzee wa watu. Tulitandika magodoro, tukawaita wanafunzi vijana, tukawafunga kifaa kiunoni, tukawaambia waanguke. Walianguka wakicheka. Mmoja alianguka akiwa ameshika simu, asiiachie. Mtu anayejua kuna godoro chini huanguka kwa namna yake, analegea, anajikabidhi. Nililiona hilo kwa macho yangu, hata nikaandika pembeni mwa daftari: litazamwe tena baadaye. Baadaye yenyewe haikufika. Nilipata shahada, nikarudi, nikaajiriwa kufundisha Dodoma, nikaitwa Daktari, na Bibi akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari asiyejua hata kuchoma sindano.

Ulikuwa kidato cha pili nilipokileta kile kifaa nyumbani. Unakikumbuka: cheusi, kidogo kama kibiriti, na klipu ya kukishikiza kiunoni kwenye kanga. Bibi alikuwa wa kwanza kati ya wazee wachache wa hapa mjini walioniridhia kukivaa. Kikitambua anguko, kilipaswa kupiga king'ora jirani asikie, na kutuma ujumbe kwenye simu yangu Dodoma. Wewe nilikupa kazi moja. Kila usiku Bibi akilala, ukivue, ukichaji, alfajiri umrudishie. Ulinisikiliza umesimama wima kama askari, ukaniuliza waya wa akiba uko wapi.

Siku ya kwanza kilipiga king'ora adhuhuri. Jirani yetu Mama Sauda alikuja mbio na mwiko mkononi, akamkuta Bibi yuko kwenye sijida. Kikapiga tena alasiri. Magharibi kikapiga kila rakaa. Siku ya tatu Mama Sauda hakuja tena, na siku ya nne Bibi alinipigia simu.

"Wewe Daktari, hiki kidude chako kinasema nimeanguka kila nikimsujudia Mola wangu. Kimetumwa na nani?"

"Kinajifunza, mama."

"Basi kijifunze adabu kwanza. Nikiswali nataka kimya. Ama kinyamaze, ama nakitumbukiza kisimani."

Nilicheka sana. Hadithi hiyo niliisimulia kwenye makongamano mawili, pamoja na ile ya mama yako, siku tulipomvalisha kifaa kwa mzaha, akapiga magoti kumwamkia baba yangu mdogo kama walivyolelewa kwao Choma, king'ora kikalia mpaka baba mdogo akaruka kutoka kitini. Ukumbi mzima ulicheka. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikujiuliza, swali lililokuwa limekaa pale wazi: sijida na anguko vinafanana wapi, na vinaachana wapi?

Ningeweza kulijibu. Ilitosha kukaa na Bibi wiki moja nikatazama anavyoshuka. Mkono kwenye paja, goti la kulia, la kushoto kwa kuguna, viganja, paji la uso. Anayesujudu hushuka kwa hatua, na kila hatua anaijua. Anayeanguka hana hatua. Halafu anayesujudu huinuka, tena kwa zamu ile ile. Kifaa kingeweza kufundishwa hayo yote. Kilichotakiwa ni macho na subira, lakini nilikuwa na tarehe ya kuwasilisha makala, na wiki nzima niliiona ni anasa. Nilikuja siku mbili tu. Nilikaa hapa hapa ninapoandikia sasa, nikafungua kompyuta, nikaandika mstari mmoja wa amri: nyakati za swala, lolote litakalotokea, nyamaza. Nikaongeza muda wa kutosha mbele na nyuma ya kila swala, maana Bibi alikuwa hana haraka na udhu wala na nyiradi zake. Wakati naandika mstari huo yeye alikuwa chumba cha pili anaswali. Sikuinuka hata kuchungulia.

King'ora kikakoma. Bibi akafurahi. Nikaandika kwenye daftari kwamba tatizo limetatuliwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mama yako alikuwa shuleni anafundisha, wewe shuleni unasoma. Bibi alitoka uani kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, akateleza pale kwenye sakafu ya bomba, nyonga ikavunjika. Ulimkuta saa kumi ulipotoka shule. Ulinisimulia mara nyingi kwamba hakuwa analia, alikwambia tu, "Nifunike miguu kwanza, ndiyo ukaite watu." Ukamfunika. Ukamwita Mama Sauda, mkampeleka hospitali. Na katikati ya mshikemshike huo, mtoto wa miaka kumi na mitano, ukakitazama kile kifaa kiunoni mwake, ukaona taa yake imezima.

Ulinipigia. "Baba, taa haiwaki. Baba, sikumbuki vizuri kama jana nilikichaji."

Nikajibu, "Basi itakuwa ni chaji."

Siku ile niliamini hivyo. Naomba uniamini katika hilo, ingawa ni dogo. Nilipanda basi la alfajiri, nikafika nikakuta umevimba macho. Ulisema, "Ni mimi, baba." Nikakukumbatia, nikakwambia usijali, mtu yeyote husahau, nimekusamehe. Ukalia zaidi, ukanishukuru.

Jioni nikakiunganisha kifaa na kompyuta yangu.

Kilikuwa na chaji tele, Nyamizi. Ulikichaji. Taa ilizimika kwa sababu mimi mwenyewe nilikitengeneza kizime taa mvaaji akitulia muda mrefu, ili kisimmulike usingizini. Kumbukumbu zote zilikuwamo. Saa saba na dakika kumi: anguko. Pembeni yake, kwa amri yangu: wakati wa swala, puuza. Saa nane muda wa kunyamaza ukaisha, kifaa kikaamka. Mbele yake alikuwapo mwanamke mzima amelala sakafuni hawezi kujisogeza. Lakini nilikifundisha kutafuta kitendo cha kuanguka, sikukifundisha kumtambua mtu aliyekwisha anguka. Kwa hiyo kikaandika neno moja, na kulirudia kila baada ya dakika kumi mpaka ulipoingia wewe: amepumzika. Amepumzika. Amepumzika.

Nilifunga kompyuta. Nilikusikia jikoni unamwuliza mama yako kama Bibi hospitalini anaruhusiwa uji wa ulezi. Nilikaa nikitafuta maneno. Halafu nikajiambia kwamba mtoto ameshasamehewa, ameanza kutulia, kwa nini nikamtibue upya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliiogopa sura ya Bibi kuliko yako, na sura ya mhariri wa jarida kuliko zote mbili. Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, na nikakuacha unishukuru.

Bibi aliishi miezi mingine kumi, kitandani, ulimi mzima kuliko mwili. Alikufa bila kujua. Kwenye makala niliandika kwamba mshiriki mmoja aliondolewa kwenye hesabu kutokana na hitilafu ya betri. Sentensi fupi kabisa, hakuna aliyeitilia shaka. Makala ikasifiwa, nikapanda cheo, na mpaka leo wapo watu wanaoanzia utafiti wao pale nilipomficha mama yangu.

Na wewe nilikuona. Nisijifanye sikuona, kuona ndiyo kazi yangu. Nilikuona ukianza kukagua soketi kabla ya kulala. Nilikuona ukitia alama kwenye kalenda ya jikoni, alama moja kwa kila simu uliyoichaji, ya mama yako, ya shangazi, yangu nikija, miaka miwili baada ya kifaa chenyewe kuondoka nyumbani. Ulipochagua kusomea uhandisi wa elektroniki, mama yako alisema umefuata nyayo zangu, nikatabasamu. Kwenye shahada ya pili ukaandika tasnifu juu ya kutambua miondoko kwa umeme kidogo mno, kifaa kinachoweza kukaa mwezi bila kuchajiwa hata kama mtu amesahau. Hata kama mtu amesahau! Nilijua mtu huyo ni nani. Na mwaka jana ulinipa barua yako ya kuombea nafasi ya Japani niipitie. Ilianza hivi: "Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, nilisahau kuchaji kifaa." Nikasahihisha mkato sehemu mbili, nikakurudishia, nikasema ni nzuri sana.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mara ya kwanza nilikuwa na hofu, na hofu humpata mtu ghafla. Mara hiyo nilikuwa nimekaa kwa starehe, kalamu nyekundu mkononi, chai pembeni.

Wiki iliyopita nimemwandikia mhariri wa lile jarida, nimemweleza yote. Sijui watafanya nini. Huenda wakaifuta makala, huenda chuo wakaniita. Cha ajabu ni kwamba siogopi, nina hamu tu ya kujua watasema nini. Ninayemwogopa ni wewe.

Sikuandikii ili ubadili utafiti wako. Nimeisoma tasnifu yako kama mwalimu, nikamweka baba pembeni, na ile njia yako ya kukiacha kifaa kisinzie mpaka kiamshwe na mtikisiko wa kwanza, mimi nisingeibuni hata ningepewa miaka ishirini. Ila nina swali, na nimeshindwa kulizuia. Kama ungejua tangu mwanzo kwamba hukusahau kitu, ungetaka kujua nini hapa duniani? Pengine ungekuwa mtu wa betri hivyo hivyo. Pengine sasa hivi ungekuwa unapima udongo wa mashamba ya Ulyankulu, ulivyokuwa unapenda kuchimbachimba ukiwa mdogo. Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujapata nafasi ya kujiuliza, kwa sababu nilikujibia kabla.

Tangu ulipopata barua ya kukubaliwa, nimekuwa nikifanya kile nilichopaswa kufanya zamani. Nakaa safu ya nyuma msikitini, nawatazama wazee wanavyoshuka na kuinuka. Mungu anisamehe, swala zangu za miezi hii sina hakika nazo. Lakini ungejua ninayoyaona! Hakuna wawili wanaoshuka sawa. Yupo fundi saa mmoja hushuka kwa mkono mmoja tu, wa pili ameubana tumboni. Nilimsubiri nje nikamuuliza kwa nini. Akabisha kwamba hafanyi hivyo. Nikamwonyesha, nikashuka mbele yake pale kwenye vumbi, watu wanatuangalia. Akacheka, kisha akasema, "Nilipasuliwa ngiri ujanani. Mke wangu wa kwanza ndiye aliyenifundisha kushika hapa." Mke huyo amekufa zamani, kidonda kilipona zamani, mkono bado unashika. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikitabasamu peke yangu njia nzima. Kwa nini nilijinyima raha hii miaka yote hiyo, kwa sababu ya tarehe ya makala?

Huko uendako nasikia watu huinama kusalimiana, na wapo wanaokaa chini sakafuni kama sisi. Wazee wao huinukaje? Hushika nini? Hutanguliza goti lipi? Ukiona, niandikie, kama utakuwa bado unapenda kuniandikia.

Na kama siku moja utajikuta unaandika amri ya kuinyamazisha mashine yako, inuka kwanza uende chumba cha pili ukaangalie inapigia nini kelele. Mengine yote utayajua kunizidi.

Mama yako nilimwambia leo asubuhi. Alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo mapajani. Kisha akauliza kama nitakwambia. Nikasema nitakuandikia barua, niitie kwenye begi lako, uisome ukifika.

"Akifika wapi?" akasema. "Mtoto yumo humu ndani, wewe unataka akalie peke yake ugenini?"

Nikasema ni vigumu.

"Ni vigumu kwa nani?" akasema, akaanza tena kupepeta. Tangu hapo hajanisemesha, na mchele ule umepepetwa kuliko inavyohitajika.

Ana haki. Begini ingekuwa namna nyingine ya kuzima king'ora: wewe unaumia mbali, mimi huku sisikii kitu. Kwa hiyo begini siitii. Naiweka mezani, juu ya kawa lililofunika chakula chako, utaiona hata kama shangazi yako amekushibisha. Chini yake kuna flashi yenye kumbukumbu zote za kile kifaa, sijafuta hata mstari mmoja. Zifungue uzione mwenyewe, neno langu pekee halitoshi tena.

Treni ni kesho jioni, tuna muda. Unaweza kunigombeza, unaweza kuniuliza maswali mpaka uchoke, unaweza kunyamaza. Ukiamua kupanda bila kunipa mkono, nitakuja stesheni hata hivyo, nisimame mbali.

Kumbukumbu za chaji nazo zimo humo, za kila usiku tangu siku niliyokukabidhi. Nimezipitia zote mara mbili. Hakuna usiku hata mmoja uliokosa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, una mitihani, una usingizi wa kitoto, na hukukosa hata usiku mmoja.

Naomba unisamehe. Safari hii anayeomba ndiye mwenye kosa.

Nipo uani. Shikamoo ikigoma kutoka, njoo hivyo hivyo.

Baba yako